Mbwa akishachomwa sindano ya homa ya kupe: mwongozo kamili wa siku 30 za kumuuguza

Simu ninazopokea kuanzia Desemba mpaka Mei zinafanana. Mbwa alilegea, akakataa ugali, akachomwa sindano, kesho yake akatikisa mkia. Siku ya nne akafa. Au hakufa, ila wiki sita baadaye ugonjwa umerudi upya. Mwenye mbwa analalamika kwamba dawa ilikuwa feki. Mara nyingi dawa ilikuwa nzima kabisa. Kilichokosekana ni mtu wa kufuatilia kinga ya mbwa inafanya nini baada ya dawa kuingia mwilini.

Mwongozo huu ni wa mtu huyo. Nimeuandika kwa wafugaji wa huku kwetu Mbeya, Iringa, Njombe na Mufindi, wenye mbwa wa ulinzi na wale wa kufukuza ngedere na nguruwe pori shambani. Haumwondoi daktari wa mifugo. Unakupa kazi ya kufanya daktari akishaondoka getini.

## Vitu vya kuandaa kabla ya yote

- Kipimajoto cha kidijitali, kiwe cha mbwa peke yake. Weka na mafuta ya mgando ya kukipaka.
- Mizani. Kama huna, kule wanakonunua mahindi wana mizani ya kuning'iniza. Mbwa anakaa vizuri ndani ya kiroba kilichotobolewa matundu ya miguu. Mizani ya kusimama nayo inafaa: panda ukiwa umembeba, kisha panda peke yako, toa.
- Daftari na kalamu. Usitegemee kichwa.
- Bakuli jeupe au karatasi ya chooni nyeupe ya kuangalia rangi ya mkojo.
- Kibano chenye ncha nyembamba, glovu, na kichupa chenye spiriti cha kuwekea kupe.
- Bomba la sindano la mililita 20, bila sindano yenyewe, la kunyweshea maji.
- Namba ya daktari wa mifugo na nauli ya kumfikia. Nauli iwe pembeni tangu siku ya kwanza. Nimeona mbwa wakifa usiku kwa sababu ya nauli iliyokuwa ikitafutwa asubuhi.

## Elewa hili kwanza, la sivyo hatua zitakuchanganya

Homa ya kupe ninayoizungumzia huletwa na kimelea kiitwacho babesia. Kwa ng'ombe tunaifahamu kwa mkojo mwekundu. Ya mbwa ina vimelea vyake. Kimelea huingia na mate ya kupe, hujipenyeza ndani ya chembe nyekundu ya damu, hugawanyika humo, kisha hutoka na kuvamia nyingine. Chembe aliyoiacha hupasuka.

Kinga ya mbwa huamka. Joto hupanda. Kingamwili hutengenezwa na kwenda kunasa vimelea pamoja na chembe zilizovamiwa. Bandama, ambayo kazi yake ni kuchuja damu, huvimba kwa kumeza chembe zilizowekewa alama na kingamwili.

Sasa shika hapa. Kinga hiyo haichagui vizuri. Mabaki ya vimelea hugandia hata chembe zisizo na kimelea ndani, na kingamwili nyingine huanza kushika chembe za mbwa mwenyewe zikiwa nzima. Bandama inazimeza zote. Ndiyo maana mbwa anaweza kuwa mweupe ufizi kama karatasi wakati kwenye darubini vimelea ni vya kuhesabu.

Dawa inaua kimelea. Haiamuru kinga isimame. Mbwa anayekufa siku ya nne mara nyingi hamalizwi na babesia. Anamalizwa na ulinzi wake mwenyewe ulioendelea kupiga baada ya adui kuanguka.

Na yule anayeugua tena wiki ya sita? Dawa mara nyingi haimalizi vimelea vyote. Wachache hubaki, na kinga huwabana wasizaliane. Ukiidhoofisha kinga hiyo, wanainuka.

## Hatua ya 1: Damu ichukuliwe kabla ya sindano

Mwombe daktari achukue tone la damu kwenye ncha ya sikio na kulipaka kwenye kioo kabla ya kuchoma chochote. Kwenye mishipa midogo ya sikio vimelea huonekana kwa urahisi zaidi. Dawa ikishaingia, vimelea hupotea kwenye damu na kioo hakitakuambia kitu.

Kama aliye karibu nawe hana darubini, kioo kilichokaushwa vizuri kinasafiri. Iringa mjini kuna kituo cha Wakala wa Maabara ya Veterinari Tanzania.

Jihadhari na kipimo cha kingamwili kikitumika peke yake. Kingamwili hukaa kwenye damu miezi mingi baada ya mbwa kupona, kwa hiyo jibu la "ndiyo" linaweza kuwa kumbukumbu ya ugonjwa wa mwaka jana. Kinachotafutwa leo ni kimelea chenyewe.

Uliza pia kuhusu erilikia. Huyo ni bakteria anayebebwa na kupe wa kahawia, na si ajabu mbwa mmoja akawa na vyote viwili. Sindano ya babesia haimmalizi. Ugonjwa wake hutibiwa kwa antibayotiki iitwayo doksisaiklini, kwa kawaida siku 28 mfululizo.

Onyo. Kabla hujaweka kidole mdomoni mwa mbwa mgonjwa, mtazame. Babesia ikifika kwenye ubongo, mbwa anaweza kuyumba, kutoa mate na kung'ata hovyo, na huwezi kumtofautisha kwa macho na mwenye kichaa. Mbwa asiyejulikana amechanjwa lini, anayetoa mate na kushindwa kumeza, usimguse mdomo. Mfungie, mwite daktari. Akikung'ata, osha kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha uwahi hospitali siku hiyohiyo.

## Hatua ya 2: Uzito kwanza, dawa baadaye

Hapa ndipo wengi wanapoua mbwa kwa mikono yao.

Ule unga wa njano wa diminazini unaouzwa kwa ajili ya ng'ombe unatumika kwa mbwa pia, lakini pakiti ya gramu 1.05 za dawa inatosha mnyama wa kilo 300. Kiwango ni miligramu 3.5 kwa kila kilo. Mbwa wa kilo 20 anahitaji miligramu 70, ambayo ni mililita 1 tu ya dawa iliyochanganywa kwa asilimia 7. Mtu akikadiria kwa macho, au akipunguza maji ya kuchanganyia, amezidisha. Na mwili wa mbwa hauna nafasi ya kuvumilia ziada ya dawa hii: inagusa ubongo.

Nilikuwa na jike la miaka mitatu, jeusi, lenye kifua cheupe. Nikiwa safarini lilichomwa dawa hii mara mbili ndani ya siku tatu, kwa sababu aliyelichoma aliona halijachangamka vya kutosha. Nilirudi nikalikuta limesimama katikati ya uwanja, miguu imetanuka kama meza, kichwa kikitikisika, macho yakicheza kushoto na kulia yenyewe. Lilinitambua kwa harufu, likajaribu kuja, likaanguka ubavu. Lilikufa usiku ule. Diminazini hairudiwi ndani ya siku chache, hata mbwa akionekana bado amelegea. Kulegea siku ya pili kuna sababu nyingine, tutaiona.

Dawa ya pili ni imidokabu. Kiwango chake ni miligramu 6.6 kwa kilo, kwenye msuli au chini ya ngozi, isiingie kwenye mshipa, na hurudiwa baada ya siku 14. Inauma. Katika saa ya kwanza mbwa anaweza kutoa mate, kutapika au kuharisha. Daktari ana sindano ya kutuliza hali hiyo, kwa hiyo mwombe asiondoke mara moja.

Andika kwenye daftari: tarehe, uzito, jina la dawa, mililita, saa. Daktari wa pili atahitaji mistari hii kuliko maelezo yako yote.

Dalili kwamba hatua imefanikiwa: mbwa amechomwa mara moja, kwa kipimo cha uzito halisi, na una maandishi.

## Hatua ya 3: Saa 24 za kwanza

Mweke mahali pakavu, penye kivuli mchana, pasipo upepo usiku. Mafinga na Njombe baridi ya alfajiri inamlazimisha mbwa asiye na damu kutetemeka, na kutetemeka kunakula nguvu anazohitaji. Gunia juu ya majani makavu linatosha. Asifungwe mnyororo mahali anapobweka kila mpita njia. Moyo wake tayari unakimbia kusukuma damu nyepesi.

Pima joto asubuhi, mchana na jioni, kwa njia ya haja kubwa. La kawaida ni kati ya 38 na 39.2. Mbwa wa homa ya kupe anaweza kukutwa na 40 au 41. Baada ya dawa, linapaswa kuanza kushuka ndani ya siku moja.

Usimpe parasetamo, diklofenaki wala ibuprofeni ya binadamu. Parasetamo inaharibu chembe nyekundu zilezile unazozilinda. Nyingine mbili zinatoboa tumbo na kuchosha figo, ambazo wakati huu zinachuja mabaki ya damu iliyopasuka.

Maji ndiyo kazi kubwa ya siku hii. Akikataa bakuli, mnyweshe kidogokidogo kwa bomba, pembeni ya shavu, kichwa kisiinuliwe juu. Akitapika kila unachompa, hilo ni la dripu.

Onyo. Joto likishuka chini ya 37.5 na mbwa amelala kimya, miguu baridi, hajapona. Mzunguko wa damu unaanguka. Ondoka naye sasa hivi.

## Hatua ya 4: Siku ya 2 mpaka ya 5, siku za kusoma kinga

Ningeweza kufuta hatua nyingine zote nikaacha hii.

Homa imeshuka, mbwa amelamba mchuzi, nyumba imefurahi. Watu wanarudi shambani. Kumbe ndani ya mwili kingamwili bado zimeshika chembe nyekundu, na bandama bado inameza. Damu inaweza kuendelea kushuka siku kadhaa baada ya kimelea wa mwisho anayeonekana kufa. Uboho kwenye mifupa unatengeneza chembe mpya, lakini unahitaji siku tatu mpaka tano kabla mzigo wake haujaanza kuonekana kwenye damu. Kipindi hicho katikati ndicho kinachoua.

Kwa hiyo kila asubuhi na kila jioni, kwenye mwanga wa jua, angalia mambo haya kwa utaratibu uleule.

Ufizi. Inua mdomo wa juu. Bonyeza ufizi kwa kidole gumba mpaka pawe peupe, achia. Rangi irudi kabla hujamaliza kutamka "Mafinga, Makambako". Mbwa wetu wengi wana ufizi mweusi ambao hauonyeshi kitu. Kwao vuta kope la chini uangalie utando wa ndani ya jicho. Waridi ni vizuri. Waridi iliyofifia, endelea kuangalia. Mweupe, au wa njano kama maji ya manjano, daktari. Linganisha na mbwa mzima wa jirani, siku ya kwanza tu, ili jicho lako lipate kipimo.

Mkojo. Mfuate na bakuli jeupe. Mzee mmoja wa Ifunda alinipigia simu akaniambia, "Kamwene, mwanangu, mbwa wangu anakojoa chai ya rangi." Hakuna aliyewahi kuieleza vizuri zaidi. Rangi hiyo ni ya chembe zilizopasukia ndani ya mishipa. Siku ya kwanza inategemewa. Siku ya tatu inapaswa kuwa inafifia kuelekea njano. Ikififia kisha ikarudi kuwa chai, kinga inavunja damu upya.

Pumzi. Akiwa amelala, hesabu mbavu zinapanda mara ngapi kwa dakika. Chini ya 30 ni sawa. Ikiongezeka kila siku ilhali homa hakuna, damu inapungua.

Sasa tafsiri. Homa imepanda tena na ufizi unafifia: huenda dawa haikushika, au kuna ugonjwa wa pili. Homa imeshuka lakini ufizi unazidi kuwa mweupe: hapo shuku kinga. Mpeleke ukiwa na daftari, na mwombe daktari afanye jaribio hili dogo lisilohitaji mashine: tone la damu kwenye kioo, achanganye na matone machache ya maji ya chumvi ya dripu, atikise. Damu ya kawaida inatawanyika laini. Damu ambayo chembe zake zimeshikwa na kingamwili inabaki na punje punje, kama maziwa yaliyoanza kukatika.

Punje zikionekana, daktari anaweza kuamua kutumia predinisoloni ili kuipoza kinga. Huo ni uamuzi wake peke yake. Dawa hii ikitolewa kienyeji, kwa sababu tu mbwa wa fulani alichangamka nayo, inawafungulia vimelea waliobaki. Marudio mengi ya wiki ya sita niliyofuatilia yalianzia hapo.

Wingi wa damu, yaani sehemu ya damu ambayo ni chembe nyekundu, ukipimwa na kukutwa karibu asilimia 15 (mbwa mzima huwa na 37 mpaka 55), kinachohitajika ni kuongezewa damu. Inawezekana hata huku kwetu. Mbwa mkubwa, mzima, aliyechanjwa, asiye na kupe, anaweza kuchangia, na mbwa ambaye hajawahi kuongezewa damu kwa kawaida hupokea ya kwanza bila shida kubwa. Ulizia mapema nani ana mbwa wa namna hiyo.

Dalili kwamba hatua imefanikiwa: mpaka siku ya 5 ufizi umeacha kufifia na umeanza kurudisha uwaridi, mkojo ni wa njano, na mbwa ananyanyuka mwenyewe kuja kukupokea.

## Hatua ya 5: Chakula cha kujenga damu

Kidogo mara nne kwa siku, cha vuguvugu. Ugali laini na mchuzi wa dagaa, mayai ya kuchemsha, maini kidogo, nyama ya kusaga kama mfuko unaruhusu.

Mchuzi huo usiwe na vitunguu. Si vitunguu maji, si vitunguu saumu, hata vilivyopikwa. Vinapasua chembe nyekundu za mbwa. Nimeshakuta mbwa aliyeponea kwenye sindano akirudishwa nyuma na mchuzi wa jana wa familia, aliopewa kwa upendo.

Maji ya rozela na ya kiazisukari (bitiruti) hayadhuru, ila hayapandishi damu. Vidonge vya madini ya chuma navyo mara nyingi havihitajiki: chembe zimepasukia ndani ya mwili, chuma chake kimebaki humo na kinatumika tena. Mbwa anayehitaji nyongeza ni yule aliyenyonywa na kupe wengi kwa muda mrefu, na daktari atasema.

## Hatua ya 6: Kupe, mwilini na kwenye nyufa

Wiki ya kwanza toa kwa mkono. Shika kupe kwa kibano karibu kabisa na ngozi, vuta moja kwa moja bila kuzungusha, tia kwenye spiriti. Usimpake mafuta ya taa, usimchome na kijiti cha moto. Kupe akisumbuliwa akiwa bado amenasa anaweza kumrudishia mbwa mate na alichokinyonya. Angalia ndani ya masikio, katikati ya vidole, chini ya mkia. Usimuogeshe mbwa mgonjwa kwa dawa ya josho. Amitrazi, iliyomo kwenye baadhi ya dawa hizo, inashusha joto na kulegeza, na yeye tayari amelegea.

Baadaye daktari akiruhusu, chagua dawa ya kudumu: ya kumwagia mgongoni, mkanda wa shingoni, au vidonge vya kutafuna. Kupe kwa kawaida huhitaji siku mbili au zaidi akinyonya kabla ya kupitisha babesia. Dawa inayomuua ndani ya muda huo inakuwa imefunga mlango, na ukimkagua mbwa kila jioni unafunga mwingine.

Ila kupe wa kahawia ni kupe wa nyumba. Anashuka kwenye mbwa, anapanda ukuta, anaingia kwenye ufa na kutaga maelfu ya mayai. Banda la mbao lenye matundu, kuta za tofali zisizopigwa lipu, nyuma ya fremu ya mlango: humo ndimo wamejaa. Choma matandiko ya zamani, ziba nyufa kwa udongo au saruji, nyunyizia dawa banda mbwa akiwa nje, rudia baada ya wiki mbili na tena mwezi unaofuata, kwa sababu mayai hayakufa mara ya kwanza.

Kupe mwingine, wa njano, hukulia kwa panya wa shambani na kumdandia mbwa anapopita kwenye majani. Huyo ndiye analeta babesia kali zaidi. Fyeka majani yanayozunguka boma, na mbwa akitoka shambani au mawindoni akaguliwe kabla hajalala.

## Hatua ya 7: Siku ya 14 na siku ya 30

Siku ya 14, kama alichomwa imidokabu, arudi kwa sindano ya pili hata akiwa anaruka uzio. Ni sindano inayosahaulika kuliko zote, kwa sababu mbwa anaonekana mzima.

Katika siku hizi 30 usimhasi, usimpandishe jike, usimsafirishe mbali, usimpeleke kuwinda. Mimba, upasuaji na uchovu hunyang'anya kinga nguvu inayotumia kuwabana vimelea waliobaki. Mbwa aliyebeba vimelea namna hiyo anaweza kuonekana mzima miaka. Asitumike kuchangia damu, na daktari ajue historia yake kabla ya kumpa predinisoloni kwa ugonjwa wowote.

Usitegemee kwamba sasa ana kinga ya kudumu. Ile aliyonayo inafifia, na haimlindi vizuri dhidi ya aina nyingine ya babesia. Mbwa aliyepona Iringa mjini ukimhamishia mashamba ya Usangu, mhesabu kama mgeni kule: mkague kila jioni kwa wiki za mwanzo, na pima joto mara anapokataa chakula.

Siku ya 30 mpime uzito kwa mizani ileile ya kwanza, angalia ufizi, rudia wingi wa damu kama uwezo upo. Uzito ukiwa umerudi na ufizi ni waridi, mpeleke akachanjwe kichaa kama chanjo yake imepita mwaka. Ilisubirishwa ili mwili upate nafasi ya kuijibu vizuri. Tarehe ya chanjo iandike kwenye daftari lilelile, ukurasa unaofuata, na daftari lining'inie karibu na mlango wa banda.